Mwalimu Joska Adoch, Aliyeinyamazisha Kengele ya Saa Sita

Marehemu Mwalimu Joska Adoch alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kambi ya polisi ya Naguru, mtoto wa kwanza wa Koplo Saverio Okwera na mama Docus Atoo. Mjomba wake Obita, aliyekuwa na miaka saba, alimpakata siku hiyo hiyo na kutangaza kwamba mtoto amerithi kichwa cha upande wa mama, upande wenye akili. Hakuna aliyebisha wakati ule, na leo si siku ya kuanza.

Mwaka 1969 baba yake alihamishiwa bandarini Luzira. Joska akaingia shule iliyojengwa mwaka 1936 na mfanyabiashara Mwingereza, Bwana Thornley. Maono ya mwanzilishi huyo yamechongwa juu ya mlango hadi leo: mtoto wa bandari ajue kusoma chapa ya gunia, yatosha. Basi kila saa sita mchana kengele ililia, watoto wakafunga madaftari, wakateremka gatini kubeba mizigo ya wenye maboti. Wazungu waliondoka, bendera ikabadilika, kengele ikabaki. Akiwa darasa la nne, Joska hakuinuka.

"Adoch, kengele imelia," mwalimu alimwambia.

"Nimeisikia, mwalimu. Inaita magunia. Mimi hesabu yangu haijaisha."

Alichapwa. Kesho yake akaketi tena.

Alihitimu ualimu mwaka 1983, akarudi kufundisha shule ileile, na mwaka 1996 akawa mwalimu mkuu. Jumatatu ya kwanza alipanda ngazi, akakifungua kile chuma kinachogonga ndani ya kengele, akakitia mkobani. Ngazi ilishikwa na mjomba wake Obita, aliyeishia darasa la tano, jambo ambalo wenye digrii mliopo hapa mnaombwa kulikumbuka wakati wa chakula. Mzee Erinayo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alifika akitweta.

"Nnyabo, kengele ile ni ya mwanzilishi."

"Iko palepale, ssebo. Nimechukua mlio tu."

"Na mizigo itabebwa na nani?"

"Na wenye mizigo."

Tangu siku hiyo watoto walisoma hadi saa kumi. Wenye maboti wakanuna, wakaacha kuleta unga wa uji wa shule. Joska akapika uji wa unga wake. Hata wazazi fulani, nao wamo humu wakijipepea kwa karatasi hii, walimwita kichwa kigumu. Watoto wao leo ni wauguzi, na mmoja ni nahodha. Anabebewa mizigo.

Tarehe 6 Agosti 1988 alikuwa ameolewa na Elie Mumbere, muuza vitenge kutoka Beni. Siku ya posa, Obita alimwuliza kijana huyo anaweza kazi gani. "Naweza kungoja, Mjomba," Elie alijibu. Ikawa bahati, maana mke wake hakuwahi kutoka shuleni kabla ya jua kuzama. Walijaliwa Darlène na Okwir.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Ndugu wa Gulu, kwa mababu zake, walisema akifariki apelekwe huko. Alikataa katakata: "Nikienda mbali, wataipiga kengele." Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwake hapa kilimani, juu ya bandari.

Hakukosea. Juzi kamati ya sasa ilikuja matangani na mikate miwili na ombi moja: shule inakaribia kutimiza miaka tisini, desturi ya mwanzilishi irudi, chuma kirudishwe.

Jibu la familia ni hili. Chuma kimo mikononi mwa marehemu. Darlène mwenyewe ndiye aliyekiweka. Anayekitaka, majembe yako pale, ila atapitia kwa Obita kwanza. Mafundi wa Katwe wanaweza kufua kingine? Wafue. Watoto hao mnaowaona nyasini na sare zao wamefundishwa na Joska kuketi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mjomba ambaye bado ana nguvu za kushika ngazi, na shule nzima.

Sanduku litateremshwa saa sita kamili. Saa hiyo tumeichagua sisi. Ikifika, tegeni sikio upande wa bandari. Kimya mtakachokisikia ni kazi ya mikono yake. Alale ndani yake kwa amani.