Marijani Shamte Hija na Ardhi Isiyochimbika (1938–1985)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Masheikh, wazee wetu, mama zetu na ndugu wote mliofika Kanga kwa arobaini hii, assalaam alaykum. Maneno haya juu ya maisha ya marehemu yameandikwa na dada yake, Biubwa, kwa niaba ya familia.

Marijani alizaliwa hapa Kanga, kisiwani Mafia, mwezi wa Agosti mwaka 1938, mtoto wa mwisho wa mzee Shamte Hija na Bi Biasha. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na dada zake. Alikuwa mtoto wa kuulizauliza. Ukimtuma kisimani harudi upesi, na ukimfuata utamkuta ameinama, mkono mmoja juu ya mchanga na mwingine ameuchimbia ndani, anapima upi wenye baridi. Alichapwa kwa hilo mara nyingi, na hakuacha.

Alihitimu chuo cha Kurani kwa sheikh wa hapa kijijini, akasoma shule ya msingi na ya kati Kilindoni, kisha sekondari Dar es Salaam. Mwaka 1962, nchi imeshapata uhuru na inatafuta vijana wa kusomeshwa, alichaguliwa kwenda Urusi. Alikwenda pamoja na kijana wa Juani, kisiwa cha jirani, Matano Sabiti, mtoto wa pekee wa Bi Somoe. Baba yake Matano alikuwa ameshafariki. Siku ya kuondoka Bi Somoe alimshika Marijani mkono akamwambia, "Huyu ni mdogo wako. Mkila, kuleni pamoja. Mkirudi, rudini pamoja."

Huko walisomea mawe na udongo, na mwishoni mwa mwaka 1966 wakapelekwa kufanya utafiti upande wa kaskazini, mji wa Yakutsk. Marehemu alituelezea mara nyingi kuhusu ardhi ya kule. Juu huota nyasi wakati wa joto, lakini chini imeshikana na barafu tangu zama za kale na haiyeyuki mwaka mzima. Kazi yao ilikuwa kutoboa mashimo marefu, kuteremsha vipimajoto kwa kamba na kuandika hali ya ardhi ilivyo huko chini.

Januari 1967 Matano alishikwa na kichomi, akafariki hospitali ya kule. Mzee mmoja Mtatari, Muislamu, fundi wa mitambo ya kutobolea mashimo, alimsaidia Marijani kumwosha, kumkafini na kumsalia. Ikabaki kuzika. Ardhi haikukubali sururu. Watu wa kule wakifiwa wakati wa baridi huwasha moto pale mahali, udongo ukalegea kidogo wakachimba, wakawasha tena, mpaka kaburi likafika. Nao wakafanya hivyo.

Aliporudi nchini Julai 1968, kabla hata ya kulala usiku wa pili nyumbani, alikwenda Juani kumpa mkono wa tanzia Bi Somoe. Habari ya kifo alikuwa ameshaletewa na serikali, lakini ya mazishi hakuijua. Marijani akaeleza kila kitu kwa uaminifu, na alipofika kwenye moto, Mzee Jumanne, kaka yake Bi Somoe, akasimama.

"Moto? Moto kaburini?"

"Wa kulainisha udongo, mjomba. Kule ardhi ni ngumu kama jiwe."

"Udongo mgumu kama jiwe! Sisi watoto? Semeni mmemchoma, msituzunguke!"

Bi Somoe alijifunika kanga yake uso mzima akaingia ndani. Waislamu, mnajua maana yake kwa mama kuamini kuwa mwanawe ameunguzwa. Tangu siku ile hakupokea tena mkono wa Marijani, na waliokuwa jirani zake wanasema alikuwa akiamka na kuuliza watu kama mwili uliochomwa utafufuliwa. Huku kwetu watoto wakampa marehemu jina la Bwana Barafu. Lile hakulijali. La Bi Somoe lilimkondesha.

Serikali ilimwajiri idara ya maji. Alikuwa akicheka mwenyewe kwamba alipelekwa kusomea maji yaliyoganda, akapewa kazi ya kutafuta yanayotiririka. Alichagua mahali pa kuchimba visima katika vijiji vingi vya ujamaa, Rufiji, Kisarawe na hapa kisiwani, na baadhi yenu mmekunywa maji hayo asubuhi ya leo.

Mwaka 1972 ushirika wa wavuvi ulikuwa na chumba cha kugandishia samaki Kilindoni. Marijani akachota udongo wa Juani, uleule wa uwanjani kwa Bi Somoe, akautia kwenye debe, akaulowesha, akaomba uwekwe mle ndani katikati ya samaki. Uliposhika sawasawa akaufunga kwa magunia na pumba za mpunga, akauvusha mpaka Juani. Akaubwaga uwanjani.

"Mama, huu udongo wako. Lete jembe lako mwenyewe. Chimba."

Bi Somoe akaenda akaleta jembe. Akapiga. Jembe likadunda na kulia kama limegonga mwamba. Akapiga tena kwa nguvu zake zote, hata chembe haikutoka. Mzee Jumanne akampokonya, akapiga yeye, akabaki anajipuliza viganja.

"Astaghfirullah! Udongo wa kwetu umelala Kilindoni tu umerudi mkorofi hivi?"

Marijani akarundika makumbi ya nazi juu yake akayatia moto. Yalipokwisha kuungua aliyazoa yote, na makaa, na majivu, akafagia kwa mkono. Kisha akamwambia Bi Somoe aguse. Udongo ukazoleka kwa vidole.

"Na kule mliuzoa moto hivi?"

"Wote, mama. Tukafagia mpaka pakapoa. Ndipo akateremshwa."

"Mlimlaza upande gani?"

"Kule kibla ni upande wa machweo. Nilimlaza kwa mikono yangu."

Bi Somoe akafuta kiganja kwenye kanga, akakinyoosha. "Nipe mkono, mwanangu." Wiki ile ilisomwa hitima ya Matano, ambayo ilikuwa imekaa miaka mitano bila kusomwa.

Mwaka uliofuata, 1973, Marijani alimuoa Mwanamkuu wa Juani, na aliyekwenda kuposa kwa nafasi ya mama alikuwa Bi Somoe. Walijaaliwa watoto watatu.

Mwaka 1978 wenzake wa Yakutsk walimwita arudi apime mashimo yaleyale. Alikaa miezi sita. Alikuta ardhi imeanza kupata joto, kidogo sana, lakini kila shimo lilisema hivyo. Tulimwuliza inatuhusu nini sisi wa Mafia. Jibu tulilipata mwaka 1980, mafuta yalipoadimika na mtambo wa kile chumba cha samaki Kilindoni ukazima. Samaki waliharibika, mji mzima ukanuka. Akasema, "Ndivyo ilivyo ile ardhi. Ndani yake mna majani na mizizi ya zama za kale, haijaoza kwa sababu ya baridi. Ikiyeyuka itaoza, itatoa hewa ya kuzidisha joto, na joto hilo halitakaa kule peke yake."

Bi Somoe aliposikia aliuliza moja tu. "Na mwanangu?"

Marijani alikuwa amelizuru kaburi, akalikuta limetulia. Angeweza kumwambia halitabadilika kamwe. Akamwambia, "Leo kaburi liko imara, mama. Ya mbele siwezi kukuahidi. Ninalokuahidi ni kuwa jina lake litatajwa nyumbani kwangu kila penye dua."

Alianza kuugua figo mwaka 1983, akavimba miguu. Alitibiwa Kilindoni na Dar es Salaam, na akaomba kurejeshwa Kanga. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 1985, kabla ya magharibi, akiwa na akili zake na shahada mdomoni. Alizikwa Ijumaa baada ya sala.

Bi Somoe hakuweza kusafiri, lakini alimtuma Mzee Jumanne na jembe lake, lilelile. Mvua ilikuwa imenyesha. Mzee Jumanne alipiga jembe la kwanza, likazama mpaka mpini. Alisimama akainamisha kichwa, kisha akasema, "Huyu wa kwetu hakuhitaji moto."

Marehemu ameacha mke, Mwanamkuu. Watoto watatu, Abdulrahmani, Kidawa na Matano. Dada zake, wapwa, na mama mmoja huko Juani.

Aliusia kwamba hitima yake isisomwe kwa jina moja. Basi tunapoinua mikono, tumtaje Marijani bin Shamte, na tumtaje Matano bin Sabiti. Mola awape wote wawili utulivu, huyu katika mchanga wa Kanga na yule katika barafu, na awafufue pamoja kama walivyoondoka. Amin.