Marielle Grondin na Sukari ya Krimu ya Krismasi

Ijumaa hii, tarehe 20 Desemba 2024, Marielle Grondin anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na minne katika jiko la Nyumba ya Wazee ya Ruisseau-Clair. Alianza kazi Septemba 1990 kama mwosha vyombo, akawa msaidizi wa mpishi, na tangu mwaka 2003 amekuwa mpishi mkuu. Wengi wetu tulipoajiriwa tulimkuta hapa, na hatujawahi kuliona jiko hili bila yeye.

Marielle alizaliwa na kukulia hapa Beauce, mtoto wa nne kati ya saba, katika shamba lililokuwa na msitu wa miti ya mepo nyuma ya zizi. Kwao kila Machi walikuwa wakigema utomvu na kuuchemsha mpaka uwe shira. Anasema hakujifunza kupika, alizoea tu kusimama karibu na sufuria kwa sababu ndipo palipokuwa na joto.

Supu yake ya njegere na pai yake ya nyama zinajulikana. Mwaka 1998, barafu ilipoangusha nyaya za umeme, alipika kwa juma zima kwenye jiko la kuni lililokuwa ukumbini kama pambo, na hakuna mzee aliyekosa mlo wa moto. Lakini ukimtaja Marielle katika mji huu, mtu atakuuliza kwanza kuhusu sukari ya krimu, ile kashata laini ya shira ya mepo na kokwa za jozi ambayo kila familia hapa huipika kwa ajili ya Krismasi, na kila familia huamini ya jirani ni mbaya.

Ya Marielle haikuanza vizuri. Anayejua kazi hii anajua kwamba shira na krimu zikishachemka vya kutosha, sufuria huepuliwa na kuachwa bila kuguswa mpaka ipoe, ndipo mtu aanze kukoroga. Ukikoroga ikiwa moto, unapata chengachenga kama mchanga. Krismasi yake ya kwanza hapa, Marielle alikuwa na haraka, akaiweka sufuria nje kwenye theluji ya ngazi za nyuma. Theluji ikayeyuka chini ya sufuria, sufuria ikainama, nusu ya shira ikamwagikia ngazini na iliyobaki ikaingia theluji. Alikoroga hivyo hivyo. Wazee waliila kwa kijiko, wakiinyunyiza kwenye uji wa shayiri, na ngazi zile zilinata mpaka Aprili.

Baada ya hapo alijifunza kungoja. Wote tuliofanya naye kazi tumewahi kumwona akisimama pembeni ya sufuria, mikono nyuma, haongei. Akiweza kushika kitako cha sufuria kwa kiganja bila kuungua, huchukua mwiko na kuanza. Hukoroga mpaka mng'ao upotee, hutia jozi, humimina, na aliye karibu hupewa sufuria aikwangue.

Jozi zilikuwa kazi ya wazee wenyewe. Kila mwaka mwanzoni mwa Desemba, meza ndefu ya ukumbi wa chakula ilifunikwa kwa magazeti, na magunia ya zile kokwa ngumu yakafunguliwa. Wazee walivunja kwa nyundo na koleo, wakatenganisha maganda, wakagombana. Mzee Fernand Lessard, aliyegema mepo kwa miaka hamsini, ndiye aliyekuwa mkuu wa meza, ingawa hakuna aliyemchagua.

Jumapili, tarehe 11 Desemba 2016, kipande cha jozi kilichokuwa ndani ya sukari ya krimu kilimkwama kooni Bi Rolande Veilleux, fundi cherehani mstaafu, wakati huo ana miaka themanini na minane. Muuguzi wetu Josée alimwinamisha, akampiga mgongoni, kisha akambana tumboni kutoka nyuma, na kipande kikatoka. Bi Rolande alilala hospitali siku mbili akiwa na mbavu zinazouma. Ilionekana kwamba alikuwa amepangiwa vyakula laini tu, na kwamba kipande kile hakikuwa chake. Hakuna aliyemlaumu Marielle.

Yeye alijilaumu. Mwaka ule alikuwa ameacha jozi nusu nusu, bila kuzikata, kwa sababu jamaa wa wazee hupenda kupiga picha za sinia. "Nilitaka zionekane," alituambia jikoni. "Nilikuwa nafikiria picha, sikufikiria koo la mtu." Na ilikuwa kweli.

Desemba iliyofuata hakuagiza jozi. Alipika sukari ya krimu tupu, laini, isiyo na kosa, na akasema itakuwa hivyo siku zote mpaka astaafu. Mezani wazee waliwekewa karatasi za rangi na mikasi, wakate nyota za kupamba madirisha. Mzee Fernand alikata moja, akaiinua juu. "Miaka hamsini msituni na shoka," alisema, "na sasa naishia chekechea." Kesho yake hakuja mezani. Siku ya tatu walibaki watu wanne.

Ndipo Bi Rolande alipoingia jikoni. Wakazi hawaruhusiwi kuingia, lakini alikuja na kiti chake cha magurudumu kwa kasi, akapita juu ya mguu wangu, akasimama mbele ya jiko.

"Marielle, jozi ziko wapi?"

"Mwaka huu hakuna, Bi Rolande."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mimi."

"Usijipe sifa isiyo yako, binti yangu. Nani aliyeiba kile kipande kwenye sahani ya Fernand? Mimi. Nilijua nimekatazwa, nikaiba. Na kilikuwa kitamu mpaka kilipokwama."

"Ungekufa, mama."

"Nitakufa tu, jozi ziwepo zisiwepo. Lakini wewe unatuzika mapema, na mikasi mikononi. Pale mezani tulikuwa na kazi. Unajua mara ya mwisho mtu kuniambia anahitaji mikono yangu ilikuwa lini? Ni wewe, na lile gunia lako."

Marielle aliingia chumba cha baridi, na alipotoka alisema tu kwamba krimu imepungua. Lakini asubuhi yake alimpigia simu Annick, mtaalamu wetu wa lishe, akamwomba aje. Walishinda pamoja jikoni. Annick alieleza ni kitu gani koo dhaifu linaweza kukipitisha na kipi haliwezi, Marielle akaongeza krimu, akaepua mapema, akajaribu tena na tena mpaka kipande kikawa kinapondeka kwa uma na kuyeyuka mdomoni. Jozi zingekaangwa kidogo, zipondwe ziwe unga, zichekechwe, ndipo ziingie. Annick alipendekeza masinia mawili, moja la wenye koo dhaifu na moja la wengine. Marielle alikataa hilo moja tu. Alisema sikukuu ni sinia moja.

Gunia likarudi, na meza ikajaa. Mzee Fernand alipewa mti wa kusukumia unga wa pai, apondee. Bi Rolande alidai chekecheke, akaliweka mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwomba amwachie.

"Kisichopita hapa hakipiti kwangu," alitangaza. Akarudisha konzi la kwanza la jozi. "Fernand, hizi unaziponda au unazibembeleza?"

"Nimezisaga mpaka mkono umekufa ganzi!"

"Basi tumia ule mwingine."

"Mama huyu angekuwa forodhani," Mzee Fernand aliwaambia wengine, "nchini isingeingia hata sindano." Lakini aliponda upya.

Tarehe 24 Desemba 2017 Marielle alileta sinia mwenyewe. Josée alisimama nyuma ya kiti cha Bi Rolande, na Marielle, ambaye hatukuwahi kumwona akikaa wakati wa kupakua, alivuta kiti akakaa mbele ya bibi yule, goti kwa goti. Bi Rolande alichukua kipande akakitia mdomoni. Alitafuna taratibu. Akaendelea kutafuna. Mtu mmoja aliizima redio.

"Bi Rolande?" Marielle aliita.

Bi Rolande aliinua kidole, kwamba angoje. Akameza. Akapangusa midomo kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Tulia," alisema. "Bado nipo. Leta kingine."

Marielle alijifunika uso kwa aproni akalia. "Mwacheni alie," Mzee Fernand alisema. "Sukari ilizidi, inahitaji chumvi kidogo." Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka chumba cha kufulia.

Bi Rolande alishika chekecheke kwa Krismasi mbili nyingine kabla hajatuaga, usingizini, mwezi Machi 2020. Mzee Fernand alimfuata baadaye. Hawakuachiana deni la maneno.

Ni haki kusema kwamba si wote tunaoipenda sukari hii mpya. Mimi ni mmoja wa wanaosema kipande cha jozi kinachopasuka chini ya jino hakina mfano wake, na Marielle analijua hilo, kwa kuwa nimemwambia kila mwaka. Kila mwaka amenijibu kwamba nina meno na jiko nyumbani kwangu.

Wiki iliyopita Sylvain Rodrigue, anayechukua nafasi yake, alikoroga sufuria peke yake kwa mara ya kwanza. Marielle alisimama mlangoni, mikono nyuma. Sinia lilipokwenda ukumbini, Sylvain alilibeba mpaka kwa mkazi mgeni kabisa, bwana mmoja aliyeletwa Oktoba baada ya kupata kiharusi. Akampa kipande. Kisha, bila mtu kumwambia, akavuta kiti akakaa mbele yake, akangoja mpaka bwana yule alipomeza. Marielle alipoona hivyo alivaa koti lake akaenda nyumbani, ingawa zamu yake ilikuwa haijaisha. Ndiyo siku pekee katika miaka thelathini na minne aliyotoka mapema.

Marielle, asante kwa kila mlo, kwa jiko la kuni la mwaka 1998, na kwa kukubali kuagiza lile gunia tena ulipokuwa bado unaogopa. Jumatano ni Krismasi. Kaa kwenye meza ya dada yako, upakuliwe, na usiinuke kutazama sufuria ya mtu. Afya njema, miguu iliyopumzika na majira mengi ya shira yawe yako.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote,
Normand Bolduc, bohari ya jiko