Wasifu wa Marehemu Nyamizi Ngassa, Aliyetengeneza Gemu ya Wapagazi

Marehemu Nyamizi Masolwa Ngassa alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 katika kijiji cha Puge, wilayani Nzega, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Masolwa Ngassa na Mama Asnath. Wa kwanza ni Renatus, anayesoma wasifu huu, na wazee watamwia radhi kwani hakuandika mazuri matupu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Puge, kisha sekondari mjini Tabora. Renatus alimshinda kila mtihani, na isemwe leo, maana baadaye hakuna aliyekumbuka. Renatus ndiye aliyetangulia chuo cha kompyuta Dar es Salaam, mwaka 2011. Nyamizi alijifunzia kwenye laptopu ya kaka wakati wa likizo, na daftari lililojaa maswali ambayo mtu mwenye haya asingeuliza.

Mwaka 2018 alianza kutengeneza gemu ya simu, "Njia ya Puge", kuhusu wapagazi wa misafara ya zamani. Kila Jumamosi aliwapa watu simu pale stendi ya mabasi Tabora, akakaa nyuma yao kimya na daftari, bila kuwaonyesha pa kubonyeza. Mama Mwanne, muuza vitumbua, alicheza kidogo akamrudishia.

"Mwanangu, huyu mpagazi wako hatui mzigo? Kutoka pwani mpaka huku?"

"Hatui, mama."

"Hata punda hupumzika!"

Nyamizi alicheka, akashukuru, akaenda kufuta kazi ya miezi minne ili wapagazi wapate pa kutua. Renatus alimwita mjinga. Yeye mwenyewe aliwahi kuanza gemu mbili: ya kwanza aliiacha njiani, ya pili akagombana na kila aliyeijaribu. Akili alikuwa nazo. Moyo wa kuambiwa "hapa pabaya" na kurudi kazini kesho yake hakuwa nao, na kuuona kwa mdogo wake kulimchoma. Gemu ilipotoka mwaka 2022, watu walianza kumuuliza, "Kumbe wewe ndiye kaka yake Nyamizi?" Alinuna wiki nzima.

Tarehe 6 Julai 2019 Nyamizi alifunga ndoa na Nestory Mahona, fundi umeme wa Usoke, wakajaliwa binti, Julieth. Hata ukumbini siku ya harusi alimpa padri simu ajaribu.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Mwezi Mei mwaka huu, akiwa amelazwa hospitali ya Kitete, Tabora, alimuuliza Renatus:

"Kaka, gemu yangu umeshaicheza?"

"Bado, mdogo wangu. Kazi nyingi."

"Ukipata nafasi niambie panapochosha. Maoni yako tu ndiyo sijapata."

Hakuuliza tena. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, wazazi wote wawili, na kaka mmoja aliyemdanganya. Renatus aliicheza gemu ile wiki ya kwanza ilipotoka, akitafuta kosa la kuwasimulia ndugu. Aliimaliza mara saba. Kosa hakuliona, na kwa wivu akanyamaza miaka mitatu.

Nyamizi, gemu yako ni nzuri. Haichoshi popote. Mungu akupokee, upumzike kwa amani, mdogo wangu.