Evodius Rugarabamu na Mipaka ya Essex

Ndugu waombolezaji, mimi ni Restuta, mdogo wake marehemu, nimetoka Kamachumu kuja kumchukua kaka yangu, badala yake nimepewa karatasi hii niwasomee.

Evodius Rugarabamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi kijijini hadi 1972, kisha sekondari mjini Bukoba, na mwaka 1983 akahitimu jiografia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1988 alikuja London kimasomo, na kuanzia 1991 hadi alipostaafu 2018 alichora ramani katika halmashauri ya kaunti ya Essex, mjini Chelmsford, akazijua wilaya zote kumi na mbili na kata zake, akawa anatuchosha kwenye simu kwamba hapa Ilford alipoishi palikuwa Essex mpaka 1965 palipomegwa kuwa London, utadhani sisi ndio tuliopamega.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Josée, wakajaliwa Ian, 1994, na Angel, 1997. Angel alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 2 Novemba 2004, akazikwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Epping Forest, humohumo Essex, na baba yake alikwenda huko kila Jumapili baada ya misa, kwa miaka ishirini.

Figo zilianza kumsumbua 2021, akafariki hospitalini tarehe 3 Februari 2025. Siku hiyohiyo niliagiza kaburi lichimbwe kwenye kibanja cha baba, maana kwetu mtoto wa kiume hulala kwenye migomba ya kwao, wala sikumwuliza wifi Josée, na hilo ni kosa langu. Nilipofika akaniambia maneno ya mumewe: "Mipaka huhamishwa kila serikali ikitaka, lakini Angel hahami, nami simwachi." Nilikasirika, sifichi, hadi Ian aliponipeleka kaburini nikasoma jina la mtoto ambaye sikuwahi kumzuru hata mara moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani wa Ilford, na wenzake wa Chelmsford waliokuja na ramani zake.

Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, hivyo saa hii ndugu zetu Kamachumu wanazika mgomba mahali pake. Kaka, pumzika kwa amani karibu na mwanao, mimi narudi nyumbani mikono mitupu.