Sensa Niliyoichonga kwa Tupa

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mnanijua kama fundi wa magari hapa Masasi, lakini leo sikusimama kuusifu ufundi wangu.

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa nchini, vitu vilivyotumika vikawa vinamiminika kutoka nje. Mfanyabiashara mmoja wa Newala akanunua boti ya injini ya kuvusha watu mto Ruvuma. Sensa ya joto ya giaboksi ilikuwa imekufa, ile inayowasha taa nyekundu oili ikichemka, na spea haikupatikana. Nikachukua sensa ya lori, nene kidogo, nikaichonga hesi, yale meno ya kufungia, kwa tupa mpaka ikaingia. Lakini ncha yake ilikuwa fupi, haikufika kwenye oili. Nililiona hilo, nawaambia kweli. Nikanyamaza.

Nahodha akaniuliza, "Fundi, mbona taa haiwaki kabisa?"

"Haiwaki kwa sababu hakuna joto," nikamjibu.

Mwezi haukuisha. Giaboksi ikakwama katikati ya mto, maji yakaisukuma boti kwenye mawe. Abiria waliokolewa kwa mitumbwi. Nahodha alibanwa mkono wa kulia, vidole havikupona tena. Tajiri mwenye boti aliponiuliza kosa ni la nani, nikasema, "Nahodha alizidisha mzigo." Akamfukuza kazi.

Mimi nikaanza kunywa uraka, pombe yetu ya mabibo, tangu asubuhi. Kazi zikanikimbia.

Kisha jumuiya yetu hii ikapanga kwenda kumlimia nahodha yule shamba la muhogo. Nilitaka kujifanya mgonjwa. Mke wangu akanishikisha jembe. Tukiwa shambani, nahodha akanisogelea. Akasema kwa upole, "Fundi, labda ulisema kweli. Siku hizi hata sikumbuki nilipakia magunia mangapi."

Ndugu zangu, jembe lilinishinda. Nikamweleza yote. Akasema, "Ngoja nimwite mama watoto. Urudie, naye asikie. Hata yeye alinilaumu."

Nikarudia. Kesho yake nikarudia tena mbele ya tajiri.

Uraka nimeacha, na kila msimu nalima kwake. Namshukuru mke wangu, nawashukuru ninyi mlionibeba nikinuka pombe. Chuma kibovu unaweza kukibadilisha. Mtu uliyemfanya ajitilie shaka mwenyewe, sijui unamrudishia nini. Semeni mapema.

Nilimkaribisha nahodha aje hapa leo. Akanijibu, "Nenda ukawaambie wao. Mimi nimeshasikia."