Sauti ya Jukwaa la Pili

Ijumaa hii, tarehe 30, saa nane mchana, Shangazi Kipaza atazima kipaza sauti cha stesheni yetu ya juu na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi nimekaa naye meza moja ya matangazo kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo mnisamehe nikitia chumvi mahali. Si mahali pengi.

Alianza kwa kukata tiketi kule chini, penye ngazi. Siku moja mtangazaji alikaukiwa na sauti, naye akaombwa ashike nafasi kwa saa moja tu. Saa moja hiyo ndiyo inayoisha Ijumaa.

Wageni hawajui kwamba reli yetu inapita usawa wa ghorofa ya tatu, na kwamba dirisha linalotazamana na jukwaa la pili ni la nyumbani kwake. Kutoka mezani tunaona pazia, jiko, hata sufuria. Mwaka fulani aliona moshi jikoni kwake, akasahau kuzima kipaza, abiria wote wakasikia mumewe akiamriwa aepue maharage upesi. Jamani, tulicheka! Abiria mmoja alipiga mluzi kumwamsha mzee. Maharage yaliungua vilevile.

Mumewe, fundi saa, alipopooza miguu, kitanda chake kilisogezwa dirishani. Hapo ndipo Shangazi alipoanza kuvunja kanuni waziwazi. Sisi tunatakiwa kutaja treni, jukwaa na saa, basi. Yeye kila saa nne asubuhi aliongeza lake: chai iko kwenye chupa, dawa ya pili usisahau. Aliandikiwa barua mbili za onyo. Alizisaini, akaendelea. Makao makuu walipomwita wampe cheo, alikataa katakata, nasi tukamwona hajui kutafuta maisha.

Mzee alifariki mwaka jana. Siku Shangazi aliporudi kazini, saa nne ilipofika, alibonyeza kitufe akanyamaza. Treni ikasubiri. Abiria wa kila siku walikuwa na habari, hakuna aliyenung'unika. Mwishowe akasema polepole kwamba treni inaondoka, na kwamba yeye hajambo. Tangu hapo hajaacha kumsemesha mzee hata siku moja, na mkuu wa stesheni anajifanya hasikii.

Wiki iliyopita aliniambia kwamba haogopi kukaa bure. Anachoogopa ni kwamba nyumbani hawezi kumsemesha mumewe. Amejaribu, sauti haitoki. Sasa akistaafu atazungumza naye akiwa wapi? Nikajifanya natafuta kalamu. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula mchana ule.

Shangazi, mitambo mipya inaanza Jumatatu, na itatumia sauti yako, ile tuliyoirekodi mwezi jana huku ukilalamika kwamba chumba kina baridi. Tutaisikia kutwa, na wewe hutakuwepo mezani. Hilo linatuuma, tusidanganyane.

Asante kwa kila treni uliyoiaga. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi. Ila Jumatatu asubuhi fungua dirisha, ukae pale palipokuwa na kitanda. Miaka yote hiyo umekuwa wa kusema tu, hujawahi kusikiliza kutoka upande ule. Utasikia alichokuwa akikisikia mzee.