Kunguru, Aliyesoma Nyayo za Wanyama wa Kale

Wapendwa mliokuja kumsindikiza dada yetu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Karatasi hii ilikuwa isomwe na binti wa marehemu. Sauti imemgoma, akanikabidhi mimi mjomba wake. Mimi ni fundi cherehani, mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa. Nitasoma polepole, nikichanganya na yangu, mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa mpishi wa shule na mkewe mshonaji. Alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto yule alikuja duniani ameshtuka, na mshtuko ule haukumtoka. Aliogopa radi, aliogopa ngazi, aliogopa hata mbwa aliyefungwa. Tukifika kwenye mtaro yeye husimama akautazama mpaka sisi tumeshakwenda dukani na kurudi. Baba akambandika jina la Kunguru, kwa maana kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Watoto wa mtaa walilidaka jina hilo wakamcheka. Yeye aliliitikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1972. Huko ndiko mwalimu wa jiografia alikoleta darasani bamba la jiwe lenye alama ya mguu wa vidole vitatu, unyayo wa dinosaria. Wenzake walilipitisha mkono kwa mkono wakicheka. Dada alikaa nalo, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu alikuwa anakimbia nini?"

"Nani kakwambia alikuwa anakimbia?"

"Vidole vimezama mbele, kisigino hakikugusa. Mimi nikikimbia radi nyayo zangu huwa hivi hivi."

Mwalimu huyo alikuja nyumbani jioni ile kumwambia baba kwamba mtoto huyu asiolewe mapema. Mwaka 1981 dada alihitimu chuo kikuu katika elimu ya miamba, na mwaka 1984 akapata shahada ya pili.

Januari 1985 aliajiriwa na jumba la makumbusho. Walimpa chumba cha chini ya ardhi chenye sinki, magunia ya plasta, na dirisha moja lililokuwa usawa wa viatu vya wapita njia. Alikuwa akiniambia, "Yule anadaiwa, yule anakwenda kwa mchumba," bila kuona uso wa mtu. Kazi yake ilikuwa ni nyayo za dinosaria, na zaidi ya hizo, wale mijusi warukao waliotoweka zamani, wengine mbawa zao zikitandazwa zinalingana na basi. Alitaka kujua mnyama mzito vile aliondokaje ardhini, na alituaje bila kuvunjika.

Mimi nilishirikishwa. Nilimshonea mbawa za kitambaa cha miavuli kwenye fremu ya fito, akanipandisha juu ya paa la makumbusho nizirushe.

"Dada, mbona hupandi wewe?"

"Mimi mtaalamu, wewe rubani. Rusha!"

Nikarusha. Lile dude likapiga mbizi moja kwa moja, likamwaga chai ya mlinzi. Mlinzi alitutukana kwa heshima zote. Dada alikuwa akirukaruka kwa furaha. "Umeona? Angekuwa anajirusha hivyo, angekufa. Kwa hiyo hakujirusha hivyo!" Baadaye aliandika kwamba wanyama wale walijisukuma kwa miguu yote minne, mikono ikitia nguvu zaidi, kama mtu anayeruka ukuta.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe. Tumekubaliana pasomwe.

Mwaka 1989 machimbo ya mawe yalifunua ukuta mrefu uliosimama kama paa la nyumba, umejaa nyayo. Katikati yake palikuwa na mstari wa alama ambao dada alilia alipouona: miguu ya nyuma imegusa kwanza, makucha yamekwaruza tope, hatua moja fupi, kisha mikono ikashuka. Ni mjusi arukaye akitua. Dada huyu aliyeogopa ngazi ya paa alifungwa kamba kiunoni akapanda ukuta ule, akitetemeka hata kamba ikicheza. Aliyeishika kamba alikuwa fundi baruti wa machimbo. Fundi huyo alimwambia, "Bibie, ukitetemeka hivyo hatuhitaji baruti, jiwe litapasuka lenyewe." Dada hakucheka, lakini tangu siku hiyo hakukubali kamba yake ishikwe na mwingine.

Ijumaa ya tarehe 6 Oktoba alikuwa chini ya ukuta anachanganya plasta, akasikia changarawe zikiteremka. Zilikuwa chache tu, kama mtu anayemwaga mchele kidogo kidogo. Hapakuwa na upepo, na mashine zilikuwa zimezimwa. Aliacha ndoo akaanza kupiga kelele watu watoke.

Nyapara alikuja. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, aliyependwa na vibarua wake. "Mama, jiwe hili limekaa miaka milioni mia na ushei. Likusubiri wewe Ijumaa ya leo?"

"Naogopa, baba. Watoe."

"Wewe kila siku waogopa. Juzi uliogopa mjusi wa ukutani, na kazi yako ni mijusi!"

Watu wakaangua kicheko. Dada alisimama palepale machozi yanamtoka, meno yanagongana, na hakuondoka. Fundi baruti ndiye aliyechukua hatua, maana king'ora cha kulipua kilikuwa mkononi mwake. Akakipiga. King'ora kikilia, sheria ni kwamba kila mtu atoke, awe anaamini au haamini. Wakatoka wote mpaka barabarani.

Wakangoja. Ukuta ukanyamaza. Jua likawa kali, watu wakaanza kunung'unika, wengine kumwigiza dada anavyotetemeka. Ndipo nyapara aliposema atawaonyesha kwamba hapana kitu. Dada alimshika shati. Nyapara alijitoa taratibu, bila ukali, akatembea mpaka chini ya ukuta, akaligonga jiwe kwa kiganja mara mbili kama mtu abishaye hodi. Akageuka akicheka awaite.

Ukuta ulishuka wote. Walioona wanasema haukuanguka, uliteleza, kwa sauti ambayo hawakuisikia masikioni bali tumboni. Vumbi lilipotulia hapakuwa na ukuta, hapakuwa na nyayo, hapakuwa na nyapara. Alama za kule kutua zimebaki kwenye plasta aliyoikausha dada wiki iliyotangulia, na ndizo zilizompa dada jina katika nchi za watu. Alipopongezwa alikuwa akijibu, "Laiti ningekosea."

Kwa muda mrefu aliogopa kwenda kwa mjane wa nyapara. Alipokwenda hatimaye nilimsindikiza mimi. Tulipita mlango ule mara kadhaa bila kubisha. Mjane mwenyewe akafungua akasema, "Mtaingia, au mwapima mtaa?" Dada akaanza kuomba msamaha, akakatizwa. "Wewe ulimwambia siku moja. Mimi nilimwambia miaka kumi: usijifanye hodari mbele za watu. Kaa." Tangu hapo wakawa ndugu, na leo mama huyo ameketi pamoja na familia, mahali pake.

Tarehe 20 Julai 1991 dada alifunga ndoa na fundi baruti, aliyekwisha kuacha kazi ya kulipua. Mungu aliwajalia binti mmoja, mwaka 1993. Waliishi kwa kutunzana. Shemeji alijifunza kuangalia kila dari kabla dada hajaingia chumbani na kusema, "Salama." Dada aliyebobea katika kuruka hakupanda ndege maisha yake yote. "Nazijua sana mbawa," alisema, "ndiyo maana." Alistaafu mwaka 2018.

Mwaka 2021 alianza kukosa pumzi. Daktari alisema mapafu yameota makovu, yamkini kwa vumbi la mawe la miaka mingi. Hapakuwa na dawa ya kuyafuta. Alihangaika sana, na hatutaficha. Kila pumzi ilipokwama macho yake yalimtoka kama siku ya ule ukuta. Sisi tuliokuja kumtazama tulimwambia asiogope, na kumbe tulikuwa tukimchosha.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, alimtazama mjane wa nyapara aliyekuwa kando ya kitanda. Alisema kwa shida, "Dada, naogopa."

Mjane hakumwambia asiogope. Alivua viatu, akapanda kitandani, akamkumbatia kwa nyuma. "Najua. Ogopa tu, mwenzangu. Nimekushika."

Shemeji akamshika mkono. Binti akamshika miguu. Mimi nilisimama mlangoni, sikuwa na pa kushika. Aliogopa mpaka mwisho, na hakuachwa peke yake hata nukta moja. Saa nne hivi pumzi ilikatika.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mjukuu mmoja wa kike, mdogo wake mimi, na dada aliyempata ukubwani. Ameacha pia watu wazima wengi ambao sisi hatuwafahamu kwa majina, waliotoka machimboni siku ile wakaenda kulea watoto wao. Naona baadhi yao mmesimama kule nyuma. Sogeeni mbele, tafadhali. Nanyi ni wafiwa.

Mungu ampokee dada yetu, amkalishe penye utulivu.